Maneno ya historia yamelala ndani ya majani chai

Likizo iliyopita kijana mmoja wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha nne, alinijia nyumbani na daftari mkononi. Kwetu ni upande wa Bomet, mahali ambapo ukisimama uani asubuhi waiona michai imetandaa kama zulia hadi Kericho. Daftari lenyewe alikuwa amelipiga mstari katikati: kushoto maneno, kulia maana. Ubeberu. Ubepari. Mapinduzi ya viwanda. Biashara huria. Ulowezi. Mdororo mkuu wa uchumi. Uhamisho. Utaifa. Utandawazi. Yalikuwa maneno arobaini na matatu. Shuleni husomeshwa historia kwa Kiingereza, lakini yeye alikuwa ameyageuza yote kuwa Kiswahili ili yamwingie vizuri. Alitaka nimsikilize akiyakariri, kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu.

Aliyakariri yote bila kukwama. Nikamwuliza, "Huo ubeberu, kijana, ulipofika hapa kwetu ulipita njia gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini. "Mwalimu," akasema, "hilo halimo katika mtihani."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo hivyo. Nilisimama mbele ya ubao nikaandika tarehe za Paris na Berlin huku mgongo wangu umelielekea dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na shamba la chai. Basi nikamwambia afunge daftari, kesho yake tupande matatu twende Kericho kwa njia ya Kaplong na Litein, na kila neno tulitafute linakoishi. Nyanya yake, ambaye ndiye amemlea, alikuwa uani akihesabu kuku wake kwa Kijaluo, kama ilivyo desturi yake. Kijana aliniambia kwamba lugha hiyo aliipata katika soko la Sondu, ambako Wakipsigis, Wajaluo na Wakisii huuziana. Nyanya akacheka tu, akatutakia safari njema.

Mjini Kericho tuliingia mkahawani, tukaagiza chai ya maziwa. Nikamwambia kwamba nusu ya daftari lake imo ndani ya kikombe kile. Mapinduzi ya viwanda yalipoanza Uingereza katika karne ya 18, wafanyakazi wa viwandani walizoea kunywa chai yenye sukari. Sukari ilitoka visiwa vya Karibi, ikilimwa na watumwa waliotekwa Afrika. Chai ilitoka Uchina, na Wachina walitaka kulipwa fedha halisi. Waingereza walipochoka kutoa fedha, walilimisha kasumba Bara Hindi, wakaiuza Uchina kwa magendo. Serikali ya Uchina ilipoikamata kasumba hiyo na kuiharibu, ikapigwa vita kuanzia 1839 hadi 1842, na vita vilipokwisha Uingereza ikaichukua Hong Kong. Jina walilolipa jambo hilo ni lile lililo katika mstari wa tisa wa daftari la kijana: biashara huria.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1773, wakazi wa Boston walikuwa wamezitupa baharini shehena za chai kwa kupinga kodi, na Marekani ikaanza safari yake ya kujitenga na Uingereza. Kisha, ili wasiitegemee Uchina, Waingereza wakapanda chai yao wenyewe huko Assam, na baadaye Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ceylon ilikuwa nchi ya kahawa. Ugonjwa wa kutu uliingia mwaka wa 1869 ukaiangamiza mibuni, wenye mashamba wakageukia chai, na vibarua wa Kitamil kutoka kusini mwa Bara Hindi wakawa ndio wachumaji. Msomaji aikumbuke Ceylon hiyo, maana itarudi. Kwetu Kenya mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka wa 1903. Kericho ilingoja hadi miaka ya 1920, na kwa nini ilingoja ndiyo hadithi yenyewe.

Beberu na kengele yake

Neno beberu, kwa asili, ni mbuzi dume. Waliolichagua kuwa jina la mtawala wa kigeni walijua walichokuwa wakikifanya: beberu huingia zizini, hutisha, hunuka, na kila jike huliona ni lake. Bepari naye ametoka katika lugha za Kihindi, mfanyabiashara tu. Lakini beberu wa kwetu hakuja peke yake. Alikuja na reli. Reli ilifika ziwani, Kisumu, mwezi wa Desemba 1901, na hadi Aprili 1902 nchi hii yote ya Kericho ilikuwa ikihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Siku moja wakubwa wakausogeza mpaka juu ya karatasi, na babu zetu wakahamia Kenya bila kuinuka kitini.

Mwaka wa 1905 jeshi la Waingereza lilitumwa Sotik, ambayo leo imo katika kaunti ya Bomet, kwa madai ya ng'ombe waliochukuliwa kwa Wamaasai. Watu wengi waliuawa, wanaume kwa wanawake, na mifugo ikaswagwa. Mwaka huo huo, tarehe 19 Oktoba, jirani zetu Wanandi wakampoteza Koitalel arap Samoei, orkoiyot wao, aliyepigwa risasi na Meinertzhagen walipokutana kwa mazungumzo ya amani. Nilimwuliza kijana kama daftari lake lina neno la mambo hayo. Alilo, na limo katika vitabu vingi vya zamani: kutuliza. Wanandi walitulizwa, Wasotik walitulizwa. Katika Kiswahili ninachokijua mimi, mtoto akilia usiku mama yake humtuliza. Nilimwomba aliandike neno hilo kwa kalamu ya rangi nyingine.

Nje ya mji tulisimama kando ya shamba. Wachumaji walikuwa kazini, vikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi. Nikamwambia kijana kwamba hapa Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika, ingawa hapakulia bunduki. Vita vilipokwisha, serikali ya Kiingereza ilikuwa na maofisa wengi walioumia, wengine bila mguu, wengine bila mkono, na mwaka wa 1919 ikaonekana vema wapewe ardhi. Ekari 25,000 zilikatwa Kericho kwa ajili ya maofisa hao. Hao ndio walowezi, kutokana na kulowea, yaani kukaa ugenini hadi ukapafanya kwako.

Hawakuja kupanda chai. Walipanda kitani, kwa sababu kitani kilihitajika sana wakati wa vita: mabawa ya ndege za siku hizo yalikuwa ya kitambaa cha kitani. Lakini amani hushusha bei ya vitu vya vita. Kabla mavuno hayajatulia ghalani, bei ikaanguka vibaya, mpango wa maofisa ukafilisika, na wengi wakaondoka. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye akili angeuliza, na kijana wangu aliuliza: "Basi ardhi ikarudi kwa wenyewe?"

Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 ilichukuliwa na makampuni ya chai: Brooke Bond, na ile ya James Finlay iliyoitwa African Highlands. Kwa sheria ya ardhi ya 1915 hati ziliweza kutolewa kwa miaka 999. Wakipsigis huhesabu wakati kwa marika, Maina, Chumo, Sawe, Korongoro na kuendelea, gurudumu linalochukua kama karne moja kurudi lilipoanzia. Hati ile, basi, ilikuwa imeandikiwa marika yazunguke mara tisa na ushei. Ni katiba ya mwaka wa 2010 iliyokata muda huo kuwa miaka 99 kwa wasio raia.

Na Waafrika waliokwenda vita ile ile? Walibeba mizigo katika jeshi la wapagazi, walilolitamka Kariakoo, na jina hilo limebaki katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa huko Tanganyika. Hakuna ekari waliyokatiwa. Walichopata waliporudi ni kipande. Sheria yake ilikuwa imetungwa mwaka wa 1915, na baada ya vita ikaanza kutekelezwa kwa nguvu: kila mwanamume avae shingoni kibati chenye karatasi ya alama za vidole na jina la mwajiri wake. Watu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ajabu, beberu ni mmoja, lakini kengele wakavikwa wengine.

Kodi ya nyumba ilikuwa ya pesa, na pesa zilipatikana kwa Mzungu. Wakipsigis wengi hawakupenda kuchuma chai. Waliona afadhali kuwa maskwota wenye ng'ombe wao katika mashamba ya walowezi. Kwa hiyo kambi za chai zilijaa watu wa Kisii na wa Nyanza, na wajukuu wao wamo hata leo. Haya ndiyo yaliyoifanya Kericho kuwa nchi ya lugha tatu, na ndiyo yaliyozaa pia ugomvi ambao kila baada ya miaka hutuchomea nyumba. Sitaki kuuingia hapa.

Bei ya London, jembe la Litein

Tulipokuwa tukirudi, matatu ikasimama Litein kungoja abiria. Kando ya barabara wakulima walikuwa wamepanga magunia ya majani katika banda la kununulia, wakiingoja lori. Nikaona ni mahali pazuri pa neno mdororo. Mwaka wa 1929 uchumi wa dunia ulipoanguka, chai nayo ilianguka katika mnada wa London. Mwaka wa 1933 India, Ceylon na visiwa vya Waholanzi, yaani Indonesia ya leo, wakafunga mkataba wa kupunguza chai inayouzwa nje ili bei ipande, na Afrika Mashariki nayo ikavutwa ndani ya mpango wa kuzuia upanzi mpya. Mtu wa Litein ambaye hakupata kuiona London akazuiwa kupanda mche katika shamba la baba yake. Leseni ilikuwa ya makampuni na walowezi. Waafrika hawakufunguliwa mlango hadi miaka ya 1950, na ni baada ya KTDA kuundwa mwaka wa 1964 ambapo mkulima mdogo alianza kuheshimiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga gunia lake alinisikia, akaniambia, "Mwalimu, na bonasi ya mwaka huu pia inaamuliwa na mdororo?" Watu wakacheka. Sikuwa na jibu zuri.

Utaifa tuliumaliza ndani ya gari. Wazungu waliwaita Wakipsigis Walumbwa, jina ambalo wenyewe hawakulipenda, na hata stesheni ya reli iliitwa Lumbwa. Leo ni Kipkelion. Jina Kalenjin nalo ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Lilienea katika miaka ya 1940 kwa njia ya redio na vijana wa shule, na maana yake ni "nakuambia". Watu waliokuwa wakijiita Wakipsigis, Wanandi, Watugen na kadhalika wakaamua kuambiana. Kufikia 1960 Taita Towett wa Kericho alikuwa na chama cha siasa chenye jina hilo, kikaungana na wengine kuwa KADU, na KADU ikaleta majimbo. Serikali za majimbo zilidumu muda mfupi. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 12 Desemba 1964 zilikuwa zimezikwa, hata tulipokuja kupata kaunti mwaka wa 2013. Kijana alifurahi kusikia kwamba majimbo ni neno ambalo wanahistoria wa Kiingereza hawakulitafsiri, wamelichukua kama lilivyo.

Neno lililotugombanisha kidogo ni Waluddi, wale wafumaji wa Uingereza waliovunja mashine kuanzia mwaka wa 1811. Kijana alikuwa ameandika: "watu waliopinga maendeleo." Nilimwuliza alikuwa wapi mwezi wa Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilipochomwa moto Kericho. Alikuwa kidato cha chini, alikumbuka moshi na polisi. Mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, na mikono ile ilikuwa ya shangazi yake pia. "Shangazi yako alipinga maendeleo?" Akasema hapana, alipinga kufukuzwa kazi. Basi nikamweleza kwamba mwaka wa 1812 Bunge la Uingereza liliweka hukumu ya kifo kwa mvunja mashine, na kwamba maana aliyoikariri ilitoka upande wa waliotunga sheria ile. Mimi sisifu uchomaji wa mali. Lakini mwanafunzi akiandika maana ya neno ni haki ajue ameazima kalamu ya nani.

Kuhusu utandawazi sikuwa na haja ya kueleza mengi. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka wa 1984. Mwaka wa 2022 Unilever ikaiuza biashara yake ya chai kwa wawekezaji, ikapata jina jipya, kisha jina jingine la Lipton. Mashamba ya Finlay yalinunuliwa mwaka wa 2023 na kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka uliofuata kampuni hiyo hiyo ikakubaliana kuyanunua yale ya Lipton. Yaani Ceylon imekuja kuwa mwenye shamba Kericho! Koloni la jana limenunua mashamba ya koloni lenzake, na hati ya ardhi imebadilisha mikono kwa mara nyingine bila kupita kwa waliofukuzwa.

Neno lililobaki

Jioni tulifika kwao. Nyanya alitupa mursik, tukakaa jikoni. Kijana akafungua daftari akaniambia limebaki neno moja ambalo hatukulitafutia mahali: uhamisho. Akasoma maana aliyoiandika: adhabu ya kumwondoa mtu kwao kwa amri ya serikali, kwa mfano Napoleon kupelekwa St. Helena.

Nilianza kumweleza mfano wa karibu. Mwaka wa 1914 Waingereza waliwakamata viongozi wa ukoo wa Talai waliokuwa orkoik wa Wakipsigis, Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake, wakawapeleka mbali. Kipchomber alikufa huko huko mwaka wa 1916. Haikutosha. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuuondoa ukoo mzima, na katika miaka iliyofuata mamia ya watu, wazee kwa watoto, wakasombwa hadi Gwassi, ukingoni mwa Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria.

Nyanya alikuwa akikoroza moto. Bila kugeuka akasema, "Mwalimu, hapo ndipo nilipozaliwa."

Nimekuwa jirani yake miaka thelathini na sikujua. Mjukuu wake hakujua. Alituambia kwamba alipoolewa kwetu, baada ya kurudishwa karibu na wakati wa uhuru, mama yake alimwonya asitaje ukoo wake, kwa kuwa watu huwaogopa Talai, wakisema wana laana, na hakuna anayetaka kuchanganya ng'ombe wake na wao. Akanyamaza miaka sitini. Kijaluo hakukipata Sondu. Alikicheza na watoto wenzake kando ya ziwa. Ng'ombe wa baba yake, alisema, walikufa wote kwa mbung'o kabla hajajua kutembea, kwa hiyo yeye aliwajua kwa majina tu. Ameniruhusu kuyaandika haya mradi nisimtaje wala kutaja kijiji.

Kijana alimwuliza kama anajua kwamba mwezi wa Agosti 2022 Talai na Wakipsigis waliishtaki Uingereza katika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, na kwamba mfalme wa Uingereza alipozuru Kenya mwaka wa 2023 alieleza majuto. Alijua yote, husikiliza redio. Akamwuliza mjukuu wake, "Majuto na kuomba radhi, katika daftari lako, ni neno moja au mawili?"

Kijana alitafuta. Hayakuwamo. Akageuza ukurasa, akachora mstari mpya katikati, akayaandika yote mawili kushoto, na fidia chini yake, akaacha kulia wazi. Kisha akalirudia neno uhamisho, akamfuta Napoleon, na akamwuliza nyanya yake walikuwa watoto wangapi wa nyumba yao kule Gwassi.

Nyanya akanyosha vidole karibu na mwanga wa moto akaanza kuhesabu, kila kidole na jina lake. Achiel, ariyo, adek, ang'wen. Alipofika abich alisimama kidogo, akakunja vidole vyote, akaanza upya, maana kulikuwa na mmoja ambaye hakuishi hata kupewa jina, na hakujua kama kijana atataka kumwandika.